Mlango wa Nane

Asala alikuwa juu ya kiunzi, kifua kimegusa jabali, akisafisha ukingo wa mwavuli aliouchonga juu ya farasi, kwa tindo ndogo, aliposikia mtu anakohoa kule chini kwenye ngazi. Alidhani ni Gotila, mchukuzi wa maji, ambaye kila asubuhi alizipanda zile ngazi mia mbili na mtungi kichwani, akihema na kumlaani yeyote aliyeamua kuchimba nyumba ya watawa ubavuni mwa mlima.

"Shemeji," alimwita Nagila aliyekuwa akivukuta moto pale uwanjani, "hebu mpelekee mzee maji yake mwenyewe, asije akatufia njiani."

"Nenda wewe," Nagila alijibu bila kuinua macho. Alikuwa mjane wa kaka yake Asala, na tangu mume afariki ndiye aliyenoa tindo za mafundi wote. "Tangu alfajiri unamkwaruza farasi mmoja tu. Angekuwa farasi wa kweli angekwisha kukupiga teke."

Mafundi walicheka. Hata mzee Dhamila, baba yake Asala na mkuu wa kazi ile yote, alitabasamu huku akipima nguzo kwa kamba. Kikohozi kikakatika. Mtungi wa Gotila ukatokea kwenye ngazi ya mwisho, lakini aliyeushika hakuwa Gotila. Alikuwa mtu mrefu aliyevaa deraya ya ngozi iliyochanika, sikio lake la kushoto limekatwa hadi shinani. Aliinua mtungi akanywa, maji yakamtiririka kidevuni, kisha akauachia ukapasuka. Nyuma yake walipanda wengine kumi na watatu, na wa mwisho alikuwa akifuta mkuki wake kwa kilemba cha Gotila.

"Habari za kazi," yule mrefu alisema. "Naitwa Khadira. Zamani nilikuwa na mfalme. Siku hizi nina njaa."

Fundi mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliinua nyundo yake. Huenda hakuwa na nia ya kumpiga nayo mtu, pengine aliinua tu kwa mshtuko. Walimchoma mkuki tumboni na akakaa chini polepole, mgongo wake umeegemea nguzo, akitazama mikono yake ikijaa matumbo. Alikufa akiwa amekaa vile vile. Baada ya hapo hakuna aliyeinua kitu.

Siku ile watawa hawakuwepo. Masika yalikuwa yamekwisha, na wote walikuwa wameteremka mjini kwenye sherehe ya kupewa nguo mpya. Wangerudi kesho yake. Aliyebaki ni mzee Utara peke yake, kwa sababu ya goti lake bovu. Walimkuta ndani ya ukumbi, mbele ya kuba la jiwe ambalo watawa hulizunguka kwa ibada, akipanga maua. Walimkokota kwa vazi lake hadi uwanjani, wakamtupa miguuni pa Khadira.

"Wafanyabiashara wote wanaopita njia hii huleta kitu hapa," Khadira alisema. "Wamelipia nguzo, wamelipia mlango, wamelipia hata ngazi. Mimi sitaki nguzo. Nataka dhahabu."

"Mwanangu," Utara alijibu akijipangusa vumbi mdomoni, "walicholipa kimekuwa mawe. Ndicho hicho unachokiona."

"Na ndani ya kuba?"

"Mna majivu kidogo ya Mwalimu wetu na kipande cha jino lake."

Watu wa Khadira hawakumngoja amalize. Walikwenda na nyundo za mafundi wenyewe, wakapasua kilele cha kuba, wakatoa kisanduku cha kioo kisichozidi yai la kuku. Ndani yake mlikuwa na majivu na kipande cha jino. Khadira alikimimina kiganjani, akayapuliza majivu, kisha akampiga Utara kwa mpini wa upanga mara tatu, usoni, bila hasira, mithili ya mtu anayepigilia msumari. Meno ya mzee yalidondoka juu ya sakafu iliyokuwa imefagiwa asubuhi ile.

Mmoja wa majambazi wale, mtu mnene aliyeitwa Mosila, alichota maji kwenye birika la mwamba akamnywesha mtawa. Wenzake wakamzomea.

"Unamlisha na uji, Mosila?"

"Mama yangu alikuwa akiwapa chakula hawa," Mosila alisema kwa aibu. Kisha, pengine ili asionekane mlegevu, akaongeza, "Mkuu, unakumbuka kule tambarare? Tulichimba chini ya kiti kilichochongwa, tukakuta sahani ya dhahabu. Hawa wanaficha kwa michoro. Anayejua kusoma michoro yao anajua kila kitu."

Khadira aligeuka akautazama ukuta. Juu ya mlango na pande zote mbili, kazi ya miaka kumi na minane ilikuwa imesimama kwenye jua. Palikuwa na farasi aliyetandikwa, hana mtu mgongoni, na mtumishi anamshikia mwavuli juu ya nafasi ile tupu. Pembeni palikuwa na kiti cha enzi chini ya mtini, watu wamekisujudia, na juu ya kiti hakuna mtu. Zikafuata nyayo mbili, kila unyayo na gurudumu katikati. Na juu ya vyote lilikuwepo gurudumu kubwa la miali minane, swala wawili wamelala chini yake.

"Nani kachonga haya?"

Mafundi walitazamana. Khadira alimshika Nagila nywele, akamvuta hadi kwenye makaa ya ule moto wa kunolea tindo.

"Mimi," Asala alisema, akashuka kwenye kiunzi. "Mimi na baba yangu."

"Vizuri. Nisomee. Huyu farasi, mwenyewe kaanguka?"

Majambazi walicheka.

"Hajaanguka. Yupo. Ni Mwalimu, siku ile alipoondoka kwao akiwa bado mwana wa mfalme."

"Mbona simwoni?"

"Hatumchongi. Tangu aamke akaiona kweli, hakuna sura inayomtosha. Tunachonga mahali alipo."

"Na kwenye kiti?"

"Ni yeye pia."

"Na nyayo?"

"Ni yeye. Alipita hapo."

"Akaenda wapi?"

Asala alisita. Utotoni, alipomshikia baba yake kamba, aliwahi kuliuliza swali hilo hilo, na baba yake alimjibu kwamba hilo ndilo swali pekee ambalo jiwe halina kazi nalo. Jibu lile hakuweza kumpa mtu aliyeshika upanga.

"Hakwenda popote. Alizimika, kama taa inavyozimika."

Khadira alitikisa kichwa. "Mwana wa mfalme anaondoka na farasi. Anaacha kiti. Anaacha nyayo. Kisha mnaniambia hakwenda popote? Mzee, njoo hapa."

Walimleta Dhamila. Jambazi mmoja aliuweka mkono wa kulia wa mzee juu ya kile kiti cha jiwe kilichochongwa chini ya mtini, kwa kuwa kilichomoza ukutani mithili ya rafu. Khadira akachukua nyundo ya kuchongea.

"Kuna nini chini ya kiti?"

"Jiwe," Dhamila alisema.

Nyundo ilishuka. Asala alisikia mifupa ya baba yake ikivunjika, sauti ndogo kuliko alivyotarajia. Vidole vilivyochonga kila shada na kila kwato kwenye ukuta ule viligeuka kitu kimoja chekundu. Dhamila hakupiga kelele. Alipumua kwa nguvu puani na jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji.

"Kuna nini nyuma yake?"

"Jiwe, mwana haramu wewe. Jiwe hadi upande wa pili wa mlima. Nenda ukachimbe, utatokea kwa mama yako."

Pigo la pili lilikuwa la kichwani. Mzee alianguka kifudifudi juu ya kiti kile, akateleza, akalala chini ya nyayo. Mguu wake mmoja ulitikisika kidogo kisha ukatulia. Nagila alitoa ukelele na jambazi aliyemshika akamziba mdomo. Asala alitambaa hadi kwa baba yake, akaushika mguu ule.

"Sasa tuanze tena," Khadira alisema, akimtazama Nagila. "Huyu ana macho mawili. Kila jibu la kipuuzi, nachukua moja."

Hapo ndipo kitu kilipotulia ndani ya Asala. Hakikuwa ujasiri. Kilikuwa ubaridi, ule ule unaomjia fundi anapoligonga jabali na kusikia kwamba ndani lina ufa. Kando ya ukumbi, kuelekea kaskazini, vilipangana vyumba vya watawa, milango saba iliyokamilika na wa nane ulioachwa. Chumba cha nane kilikuwa kimepasuka dari masika yale, ufa kutoka kona hadi kona. Dhamila alikuwa amesimamisha magogo mawili ya msaji kulizuia, kila gogo likiwa limebanwa na kabari chini, akapiga marufuku mtu kukanyaga humo.

"Mkuu," Asala alisema. Sauti yake ilikuwa ya unyonge, wala hakuhitaji kuigiza. "Mwache shemeji yangu. Nitakusomea."

"Ninasikiliza."

"Farasi anatazama kaskazini. Nyayo vidole vyake vinaelekea kaskazini. Gurudumu lina miali minane." Alinyoosha kidole. "Hesabu milango."

Khadira aliinua macho, akafuata nyayo, akafuata milango kwa kidole. Midomo yake ilisogea. Alipofika wa nane akaona umezibwa kwa matawi ya miiba.

Watoto wa bonde lote lile walijua miali minane ni nini. Ilikuwa njia ya kuishi bila kumdhuru kiumbe, na kusema kweli kulikuwa sehemu yake. Asala aliijua kuliko watoto. Aliitumia kudanganya hivyo hivyo, na maneno yake yalimwachia ladha ya chuma mdomoni.

"Asala!" Utara alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Mdomo wake uliovimba ulitoa maneno kwa shida. "Asala, usiitumie kwa hilo. Mwanangu, usiitumie kwa hilo. Ninyi, msiende kule! Msiingie, nawaomba, msiingie!"

Khadira alimtazama mtawa, kisha akamtazama Asala, na kwa mara ya kwanza uso wake ulifunguka kwa furaha.

"Mnamsikia mzee? Tumevunja kuba lake hakulia. Tumemvunja meno hakulia. Sasa analia."

"Mtakufa!" Utara alisema. "Dari ni bovu. Mtakufa wote."

"Bila shaka. Na kuna nyoka, na kuna jini mla watu." Khadira alimsukuma Asala mgongoni. "Tembea, msomaji."

Aliacha watu wanne wawalinde mafundi ukumbini. Tisa wakamfuata na nyundo na majembe, naye mwenyewe akaja nyuma, nywele za Nagila zimezungushwa mkononi mwake mara mbili. Walipofika mlango wa nane wakaitupa ile miiba.

"Haya magogo ya nini?"

"Ya kutisha watu," Asala alisema. "Ukisikia dari ni bovu, utaingia?"

Khadira alicheka. "Baba yako alikuwa na akili. Ingia kwanza wewe."

Asala aliingia. Kulikuwa na baridi na harufu ya maji yaliyosimama. Hakutazama juu. Alikwenda hadi ukuta wa nyuma, akaugonga kwa nyundo hapa na pale, akakuta mahali ambapo sauti ilikuwa nzito kidogo, akachora alama kwa tindo.

"Hapa. Ni mlango uliozibwa kwa jiwe. Pigeni wote pamoja, mkipokezana."

Wakapiga. Kila pigo lilipita kwenye sakafu likapanda miguuni mwake. Unga mwembamba ulianza kushuka kutoka darini, mwepesi kama unga wa mchele, ukatua mabegani mwa wale watu nao wakadhani ni wa ukutani. Asala alirudi nyuma hatua kwa hatua akisema anahitaji tindo ndefu zaidi, mpaka akafika kizingitini. Khadira akamwekea upanga tumboni.

"Wewe hutoki. Simama hapo hapo."

Alisimama. Gogo la mbele lilikuwa kando ya goti lake la kulia. Kabari yake ilikuwa imechomoza kiasi cha nusu shubiri. Nyundo ilikuwa bado mkononi, kwa maana hakuna aliyefikiria kumnyang'anya fundi nyundo yake. Nagila, kichwa kimeinamishwa, aliiona kabari. Akamtazama Asala, akafumba macho.

Wakati huo mzee Utara akatokea kwenye kijia, akiburuta mguu, mkono mmoja kwenye mwamba. Damu ilikuwa imekauka kifuani mwake. Walinzi kule ukumbini hawakujali kumzuia mtu wa namna ile.

"Nipisheni," alisema.

"Mpishe," Khadira alimwambia Asala huku akicheka. "Anakwenda kuiaga dhahabu yake."

Asala alimkamata mzee vazi. "Babu, rudi. Nakuomba, rudi."

Utara aliushika mkono wake akauondoa taratibu, jinsi mtu anavyoondoa mkono wa mtoto. "Wamo watu tisa mle, Asala," alisema, akaingia.

Ndani alikwenda kwa mmoja mmoja, akiwavuta mikono. "Tokeni, wanangu. Tazameni juu. Tokeni." Wa kwanza alimsukuma. Wa pili alimtukana. Wa tatu alikuwa Mosila, na Mosila akasimama, akafuta jasho, akatazama juu. Alitazama kwa muda. Unga ulimwangukia machoni naye hakuupangusa.

"Mkuu," alisema. "Mkuu, hili dari kweli..."

Mtawa alikuwa amemshika kiwiko tayari na anamwongoza kuelekea mlangoni. Wengine wawili walikuwa wameacha kupiga. Utara alikuwa hatua tatu kutoka kizingitini. Asala alizihesabu. Aliuona uso ule uliovimba, jicho moja limefunga na jingine linamtazama yeye, na alijua kwamba akingoja pumzi mbili mzee atakuwa nje, na pamoja naye wote tisa, na Khadira atakuwa ameelewa. Alihisi mkono wa Khadira ukikaza nywele za Nagila.

Alipiga kabari.

Iliruka kama mbegu. Gogo lilisogea, likalia, likaanguka upande, na kwa kitambo hakikutokea kitu kabisa. Halafu mlima ukashusha pumzi. Bamba zima la dari, zito kuliko ndovu mia, lilishuka kwa pamoja. Upepo ulitoka mlangoni ukambwaga Asala chali kwenye kijia, na vipande vikaruka juu yake kama mvua ya mawe. Kelele za watu zilidumu muda mfupi sana.

Alipofungua macho, vumbi lilikuwa limeziba jua. Nagila alikuwa ametambaa hadi kwake. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa nyama tupu, kwani alijing'oa na ngozi ikabaki mkononi mwa Khadira. Khadira mwenyewe alilala kizingitini, jiwe la ukubwa wa fahali limemkalia kuanzia mapajani kwenda chini. Upanga wake ulikuwa mbali. Alikuwa akiutafuta kwa vidole.

Kutoka ukumbini zilisikika kelele. Wale walinzi wanne walikuwa wametoka mbio kutazama mngurumo, na mafundi wakawatokea nyuma na nyundo. Kazi ile haikuwa safi. Fundi amezoea jiwe lisilokimbia. Wapigaji walipiga mabega, wakapiga migongo, wakapiga na chini. Jambazi mmoja alipasuliwa taya akawa anazunguka uwanjani ameishika kwa mikono miwili, mpaka mtu akamhurumia kwa pigo la kisogo. Wa pili alirushwa gengeni akiwa hai. Wawili walikimbilia kwenye ngazi, na mafundi walipofika penye maiti ya Gotila wakakosa nguvu ya kuwafuata.

Waliporudi walimkuta Asala amechuchumaa karibu na Khadira. Mmoja wao akainua nyundo. Nagila akamzuia, si kwa huruma.

"Mwache afe polepole."

Khadira alidumu hadi jua lilipofika utosini. Uso ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu. Kuna wakati aliomba maji na Asala akampa, kwa kuwa hakuona sababu ya kumnyima.

"Msomaji," Khadira alisema. "Niambie sasa. Kweli hakukuwa na kitu?"

"Hakukuwa na kitu."

"Hata nyuma ya ukuta?"

"Jiwe. Baba alikuambia."

Khadira alifikiri. "Na yule mzee alinipigia kelele ya kweli kabisa." Alijaribu kucheka, damu ikamtoka puani. "Wewe niliyekuamini ndiye mwongo. Umemuua na yeye?"

Asala aliyatazama mawe yaliyoziba mlango.

"Umemuua na yeye," Khadira alisema tena, safari hii hakuuliza, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho yenye maana. Baada ya hapo alimwita mwanamke fulani kwa jina, akamgombeza juu ya mbuzi, akafa.

Watawa walirudi kesho yake na nguo zao mpya, wakakuta uwanja umeoshwa na miili imepangwa. Habari ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Mafundi walisimulia jinsi Asala alivyowadanganya majambazi, jinsi mzee Utara alivyojitoa ili kuwaaminisha, jinsi dari lilivyoanguka. Mfanyabiashara mmoja aliyepanda pamoja na watawa alisema palepale kwamba atalipia nguzo kwa jina la Asala, lichongwe mahali pa kuonekana.

Nagila alikuwa amekwisha kumwonya, wakati wakimfunga Dhamila sanda. "Nilichokiona mimi sikukiona. Na wewe hukukiona. Kaa kimya uishi."

Asala alisimama mbele ya watu wote, karibu na kuba lililopasuliwa kilele, akasema, "Nilimwona. Alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni na alikuwa anawatoa. Ningengoja angetoka. Sikungoja."

Mkuu wa watawa, mtu mkavu mwenye sauti ndogo, alimwuliza kama alijua mzee atakufa.

"Nilijua."

"Wewe si mtawa," mkuu alisema hatimaye. "Sina adhabu ya kukupa, wala sina neno la kukuondolea. Ulichokifanya utakwenda nacho." Kisha akauliza kama miili inaweza kutolewa. Mafundi wakasema haiwezekani. Hata ikiwezekana, hakuna atakayejua mfupa wa mtu mwema ni upi na wa jambazi ni upi. Baadhi ya watawa vijana walilia kwamba si haki mtu kama Utara azikwe pamoja na wale. Mkuu akawaambia, "Aliwafuata mwenyewe," akaamuru mlango wa nane uzibwe kwa mawe, juu yake wasichonge kitu chochote.

Asala alijaribu kurudi kazini. Alipanda kiunzi siku tatu mfululizo. Kila alipoweka tindo juu ya jiwe pigo lilikwenda kombo, na siku ya tatu alivunja sikio la swala aliyekuwa amechongwa na baba yake. Aliteremka. Wapo waliomwita shujaa na wapo waliobadili njia walipomwona, na yeye aliona wote wana haki. Alikwenda kuishi bondeni, akapata kazi ya kukata mawe ya kusagia, kazi ya kipofu, mviringo na tundu katikati.

Hakuonana na Nagila mwaka mzima. Masika mengine yalipokwisha akaja, kilemba kimefunika upande wa kichwa usioota nywele, akakaa kwenye kizingiti chake bila kukaribishwa.

"Nimesikia bado unasimulia," alisema. "Kila msafiri akikuuliza unamwambia, hatua tatu, hatua tatu. Umekuwa kama kasuku."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo ilivyokuwa nusu. Ungengoja, babu angetoka, na mimi ningekufa. Ningeanza kwa macho, nikamaliza sijui kwa nini. Hilo mbona hulisemi?"

Asala aliendelea kuzungusha jiwe kati ya magoti yake.

"Hulisemi kwa sababu ukilisema utaonekana una udhuru," Nagila alisema, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Mimi si udhuru, Asala. Mimi ni mtu. Niko hapa, nimepanda na kuteremka mlima huu mwaka mzima, nala, nalala, na kila unaposimulia mimi simo. Umenifuta."

Hakuwa amelifikiria hivyo hata siku moja. Aliweka jiwe chini.

"Niliuona mkono wake ukikaza nywele zako," alisema polepole. "Nilihesabu hatua zake, nikakutazama wewe. Nilichagua."

"Basi uliseme nalo."

"Nitalisema."

Nagila alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akachungulia ndani ya nyumba, chungu kikiwa baridi na majivu hayajazolewa. "Umekula?"

"Bado."

"Mchele uko wapi?"

Alimwonyesha.